Pakingi Isiyokauka

Palikuwa na nchi moja, na la kusikitisha ni kwamba hadi leo ipo. Jina lake tuliache. Wenyewe wakisikia limetajwa huuliza kwanza nani kalitaja, halafu huuliza anakaa wapi. Itoshe kusema ina bendera, ina wimbo, ina uwanja wa ndege ambapo ndege hutua mbuzi wakishamaliza kula, na ina kiongozi anayeitwa Mkuu wa Wakuu, ambaye kazi yake kubwa ni kwenda kuona wenzake wanafanyaje.

Siku moja, katika ziara ya kikazi ng'ambo (kazi yenyewe haijajulikana mpaka sasa), Mkuu wa Wakuu alifungua pazia la hoteli akaiona pakingi. Si pakingi kama za kwao, zile ambazo ukishuka kwenye gari unaaga familia kwanza. Hii ilikuwa nyeusi tii, laini, inang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride.

"Hii wameijenga jana?" akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa," akajibiwa na mwenyeji. "Lami yenyewe ya zamani sana. Tunaipaka dawa nyeusi kwa juu, kama mtu anavyojipaka mafuta akitoka kuoga. Inazuia jua na maji, hata oili ya magari haiingii. Ikichakaa tunapaka nyingine."

Mkuu wa Wakuu akanyamaza. Wasaidizi wake wakatazamana kwa hofu, maana Mkuu akinyamaza huwa anafikiri, na akifikiri wananchi huwa wanafunga mikanda.

Alirudi nyumbani na ndoo moja ya ile dawa. Ilikaa kwenye ndege kiti cha pembeni yake, imefungwa mkanda. Mke wake alikaa nyuma na mizigo.

Ubavuni mwa ile ndoo palikuwa na maelekezo mepesi: fagia, ziba nyufa na mashimo, paka, subiri ikauke. Baraza la Mawaziri likajifungia kuyajadili. Kufagia wakakuona hakuna hadhi ya kitaifa. Kuziba mashimo wakakukataa palepale, kwa sababu huwezi kuziba shimo bila kukiri kwamba lilikuwepo. Kupaka wakakubali. Lakini walipofika kwenye kusubiri, bwana, mawaziri wote walisimama wakapiga makofi. Kusubiri! Hilo ndilo jambo ambalo raia wa nchi ile walikuwa na uzoefu nalo kuliko taifa lolote duniani.

Ikatungwa sheria. Lami ikishapakwa ngozi, ndivyo walivyoiita ile dawa, basi haikauki kwa jua wala kwa upepo. Itakauka siku Mkuu wa Wakuu atakapoikanyaga kwa mguu wake wa kulia, mbele ya kamera, na kutamka neno "Imekauka." Kabla ya hapo ni mbichi. Anayesema imekauka anadai ana macho kuliko Mkuu, na mtu wa namna hiyo serikali ina mahali pa kumpeleka akapumzishe hayo macho.

Usicheke. Kwani kwenu hakuna daraja lililokwisha kujengwa, na watu bado wanavuka kwa kuvua viatu hapo chini kwenye matope, wakimsubiri mtu wa kuja na mkasi?

* * *

Hospitali Kuu ilikuwa katikati ya mji, na pakingi yake iliizunguka pande zote. Siku wapaka ngozi walipofika na mapipa na mafagio yao mapana, walipaka kwa moyo wote. Walipaka juu ya majani makavu. Walipaka juu ya ndala moja ya kushoto ambayo mwenyewe aliitafuta wiki nzima. Mashimo waliyapaka vizuri zaidi, yakawa mashimo meusi yanayong'aa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa pale, dereva kaenda kunywa chai, nalo hawakulihamisha. Walilizunguka, wakalipaka magurudumu, wakaendelea.

Kisha wakafunga kamba kuzunguka uwanja wote, na getini wakamweka Sufiani Mbegu.

Sufiani alikuwa mlinzi wa hospitali ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtu wa utani, anayejua kila mgonjwa kwa ugonjwa wake: "Wewe figo, umerudi tena?" Watu walikuwa wanacheka wakiingia, na wengine ndicho kicheko cha mwisho walichokipata. Sasa alivishwa kofia mpya yenye maandishi MSIMAMIZI WA UBICHI, akapewa filimbi na agizo moja tu: mtu yeyote asiikanyage lami.

Siku ya kwanza agizo lilikuwa na maana, maana dawa ilikuwa mbichi kweli, inanuka mpaka machozi yanatoka. Kesho yake, kufikia adhuhuri, ilikuwa imekauka kau. Sufiani aliona. Kila mtu mwenye macho aliona. Lakini filimbi ilikuwa shingoni mwake, na nyumbani alikuwa na mke, Mwanaheri, na binti, Zawena, ambaye mumewe alikuwa mgodini kusini na mimba yake ilikuwa ya miezi ya mwishoni.

Kuhusu hiyo mimba Daktari Mbonea alikuwa amesema wazi, kabla ya pakingi kupakwa. "Mtoto amelala mkingamo, Sufiani. Huyu binti hazai nyumbani. Uchungu ukianza tu, mlete hapa nimpasue. Ukichelewa, utawazika wote wawili. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari. Mimi si ndiye nakaa getini? Nitamfungulia mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Siku hizo geti lilikuwa bado linafunguka.

* * *

Mkuu wa Wakuu alitakiwa kuja kukanyaga Jumatatu. Jumatatu akapata udhuru. Ijumaa nayo ikapita. Halafu ikatangazwa kwamba Mkuu amekwenda ng'ambo kutibiwa mguu. Mguu upi? Wa kulia. Jongo lilikuwa limeushika kwenye dole gumba, ukavimba kama boga.

Taifa likaingia katika kipindi cha mguu. Kila jioni, baada ya wimbo, redio ilisoma Hali ya Mguu: leo umelala vizuri, leo umekula, leo umewashukuru wananchi kwa dua zao. Mguu ulikuwa umelazwa katika hospitali yenye pakingi nyeusi maridadi, ambamo magari ya wagonjwa yaliingia na kutoka mchana kutwa, yakiikanyaga bila hata kumuogopa Mungu.

Hapa nyumbani hospitali ikageuka kisiwa. Waliokuwa ndani hawakutoka, waliokuwa nje hawakuingia. Waliopona walikaa humohumo wodini mpaka wakaugua tena. Lakini binadamu hashindwi. Daktari Mbonea alipata darubini kutoka kwa mgonjwa mmoja mpenda ndege, akawa anasimama dirishani ghorofa ya juu kutazama wagonjwa waliopanga foleni nyuma ya kamba, na muuguzi mmoja mwenye mapafu ya nguvu akawa anatangaza kwa kipaza sauti.

"Wewe mwenye kanga ya kijani! Toa ulimi! Zaidi! Geukia juani! Si wewe, baba, wewe funga mdomo! Kanga ya kijani, una malaria! Mwenye baiskeli, wewe huumwi, nenda kazini!"

Vidonge vilirushwa ndani ya soksi. Aliyejua kudaka alipona mapema.

Getini hapo alikuwa anauza uji Bi Siwema, mwanamke mnene, mwenye maneno, aliyemtania Sufiani kila asubuhi. "Msimamizi wa Ubichi, leo umeamkaje? Mbichi au umekauka?" Naye alikuwa na kuku wake mweupe, anayedonoa makombo chini ya benchi. Siku moja yule kuku, ambaye hakuhudhuria kikao cha Baraza la Mawaziri, akapita chini ya kamba akaingia pakingi. Akatembea. Akasimama katikati, akajikuna, akaendelea mpaka mlango wa hospitali, akageuka, akarudi. Miguu yake ilikuwa myeupe kama alivyokwenda nayo.

Watu wakaangaliana.

Nusu saa haikupita, lori la polisi likafika. Kuku akatiwa mbaroni kwa kueneza uvumi. Msemaji wa polisi akaeleza baadaye kwamba uchunguzi umegundua kuku huyo alinawa miguu baada ya tukio kwa nia ya kuichafua serikali. Bi Siwema alipokwenda kituoni kumwekea dhamana aliwakuta askari wanajipangusa midomo.

"Mtuhumiwa wako hatunaye," akaambiwa. "Amehamishwa."

Bi Siwema alirudi na hilo akalifanya mzaha pia. "Mwenzenu kesi yangu wameila," aliwaambia wateja. Watu walicheka sana. Sufiani alicheka kuliko wote, huku ameshika filimbi yake.

* * *

Baada ya hapo Bi Siwema hakutania tena, na sababu yake ni hii.

Mumewe, Mzee Lugendo, alikuwa na kifua. Pumu ya zamani, ya kuja na kwenda, ambayo siku zote ilitulizwa kwa yeye kuwekwa kwenye mashine ya hewa pale hospitali. Asubuhi moja ikaja na haikutaka kwenda. Bi Siwema akamkokota mpaka getini, mzee wa watu midomo imeingia ubuluu, anavuta pumzi kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Kule juu Daktari Mbonea alimwona kwa darubini hata kabla muuguzi hajashika kipaza sauti. Akafungua dirisha akapiga kelele mwenyewe: "Huyo mleteni ndani! Mleteni ndani!" Hewa ya kupumua hairushwi kwa soksi.

"Baba Zawena," Bi Siwema akasema, "tupishe. Hatua chache tu hizi. Nitambeba mgongoni, miguu yake haitagusa."

Sufiani akatazama huku na huku. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jamaa mwenye miwani myeusi, anasoma gazeti alilolishika juu chini. Sufiani akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya kamba, akaibonyeza ile lami kwa kidole. Ngumu. Ya moto, kama kifuniko cha sufuria. Akakitazama kidole. Kisafi. Akakipangusa harakaharaka kwenye suruali, kama mtu aliyechafuka, ili Bi Siwema asikione.

"Bado mbichi, dada."

"Kuku wangu alipita."

"Na wewe unajua kilichompata."

Bi Siwema alimkalisha mumewe chini, akamwegemeza kwenye nguzo ya geti, akamshika kifua kwa mikono miwili kama anayekizuia kisiondoke. Mzee Lugendo alikata roho palepale, macho ameyaelekeza kwenye mlango ambao hata mtoto angeweza kuupiga jiwe.

Kwa kuwa alifia nje ya hospitali, waliitwa polisi wa usalama barabarani. Wakapima, wakachora chaki, wakaandika kwamba marehemu amegongwa na gari ambalo halikusimama.

* * *

Haikuchukua muda akaja Waziri wa Ngozi za Lami, Mheshimiwa Jenerali Mstaafu Profesa wa Heshima Mwinyigogo, kukagua ubichi. Alikagua kutoka nje ya kamba, kwa kunusa. Kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akaunguruma, "tuseme ukweli. Kabla ya ngozi hii, hospitali hii ilikuwa inaua! Watu walikuwa wanaingia kwa miguu yao, wanatoka wamebebwa. Leo nawauliza: tangu tupake, kuna mgonjwa gani mpya aliyefia humu ndani? Nani? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu.

"Mmeona! Hakuna hata mmoja! Majirani zetu wanajisifu kwa madaktari. Sisi hatuna haja ya madaktari. Sisi tuna matokeo! Vifo hospitalini tumevifuta kwa ndoo na fagio!"

Makofi yakapigwa. Ilikuwa lazima, kulikuwa na watu wa kutazama mikono. Bi Siwema, aliyejifunga kaniki ya eda, alipiga pia, polepole, akimtazama Sufiani. Sufiani akajifanya anapuliza vumbi kwenye filimbi.

Nyumbani jioni ile Mwanaheri alimwekea ugali, hakumwekea maneno. Alipofungua mdomo alisema moja tu. "Na Zawena siku yake ikifika, utambonyezea kidole naye?"

"Mguu utakuwa umeshapona, mama. Redio imesema leo umecheza kidogo."

"Redio," akasema Mwanaheri, na akaondoa sahani kabla mumewe hajamaliza.

* * *

Mguu haukupona. Lakini nchi ile ilikuwa na Mwanasheria Mkuu mwenye akili nyingi kuliko kazi aliyonayo, naye akagundua kwamba sheria haisemi lazima mguu uwe ndani ya kiatu. Mguu ukiumwa, akashauri, kiatu kinaweza kuuwakilisha, kama balozi anavyomwakilisha mwenye nchi. Ikakubaliwa kwa shangwe. Kiatu cha Mkuu wa Wakuu kitaletwa kwa ndege, kitaikanyaga pakingi ya Hospitali Kuu kwa niaba, na pakingi itakauka.

Siku hiyo ilipofika, shule zilifungwa ili watoto wakipokee kiatu. Bendi ikapiga. Kiatu kilishuka ngazi za ndege ndani ya kisanduku cha kioo kilichofunikwa hariri, juu ya mto, kimebebwa na kanali mwenye glavu nyeupe. Kikapakiwa kwenye gari refu jeusi, peke yake kiti cha nyuma, na msafara ukaanza kuelekea mjini ukiwa umetanguliwa na pikipiki.

Na ndiyo asubuhi hiyohiyo Zawena aliposhikwa na uchungu.

Mwanaheri alimpata jamaa wa mkokoteni, wakamlaza binti juu ya magunia, wakaondoka mbio. Walifika barabara kuu wakazuiwa. Askari alisimama mbele yao, kanyoosha mkono.

"Msafara."

"Mwanangu anajifungua, mtoto kakaa vibaya! Msafara wa nani?"

"Wa kiatu."

Wakasimama juani. Pikipiki zikapita. Magari yakapita. Kiatu kikapita, na askari akakipigia saluti, akamgeukia Mwanaheri kwa ukali: "Mama, punga mkono." Mwanaheri akapunga mkono. Mkono wa pili alikuwa amemng'atisha binti yake asipige kelele.

Walipofika getini, hotuba zilikuwa zimeshaanza. Sufiani alikuwa amesimama wima pembeni ya jukwaa, kofia imenyooka, akauona mkokoteni, akamwona mkewe, akaelewa yote kabla ya neno.

"Baba Zawena!" Mwanaheri alipasua sauti. "Mtoto wako huyu! Huyu hapa! Unasimama kama mlingoti?"

Sufiani akaacha nafasi yake, akapanda jukwaani akiwa amekunja mgongo, akafika sikioni mwa Waziri Mwinyigogo.

"Mheshimiwa, samahani. Kwenye mkokoteni pale ni binti yangu. Mtoto amekaa mkingamo, anatakiwa kupasuliwa sasa hivi. Naomba kiatu kiguse tu, mara moja, halafu hotuba ziendelee."

Waziri akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ndugu yangu. Unataka kiatu cha Mkuu wa Wakuu kikanyage kabla ya hotuba? Kwani hicho ni kiatu cha muuza mkaa?"

"Mheshimiwa, atakufa."

"Atakufa nje ya kamba au ndani?"

"Nje, Mheshimiwa."

"Basi usiwe na wasiwasi. Haituharibii takwimu." Na akaendelea kuhutubia, kuhusu historia ya rangi nyeusi.

Hatimaye bendi ikapiga mdundo. Kanali akapanda na kisanduku. Hariri ikaondolewa, kioo kikafunguliwa, kiatu kikainuliwa juu watu wakione. Kilikuwa kizuri. Kiling'aa kama pakingi.

Kilikuwa cha kushoto.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kihistoria. Mwanasheria Mkuu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, kiatu kikabaki cha kushoto. Kumbe cha kulia kilikuwa kimekwama. Mguu ulivimba ukiwa ndani yake, na madaktari wa ng'ambo hawakuthubutu kukichana, kwa kuwa kilikuwa mali ya taifa. Waliokuwa na dhamana ya kutuma kiatu walitumwa walete kiatu, wakaleta kiatu. Hakuna aliyewaambia walete kinachofaa.

Ofisa mmoja akapendekeza kikanyagishwe kinyumenyume. Mwingine akasema kiatu cha kushoto kikitazamwa kwenye kioo ni cha kulia, atafutwe mtu wa kioo. Wakabishana. Waziri akatoa kitambaa akajifuta jasho, kisha akatangaza:

"Sherehe imeahirishwa mpaka uvimbe utakapopungua. Kwa mujibu wa sheria, pakingi inaendelea kuwa mbichi."

Kwenye mkokoteni Zawena alikuwa analia mpaka hapo. Sasa akanyamaza. Sufiani, aliyezoea kelele za wagonjwa miaka yote hiyo, alikuwa haogopi kelele. Ukimya huo ndio aliouogopa. Akaenda. Akavua filimbi, akaitundika kwenye mshikio wa mkokoteni, akamnyanyua binti yake kama alivyokuwa akimnyanyua alipolala mkekani utotoni, akainamisha kichwa, akapita chini ya kamba.

Ko. Ko. Ko.

Hivyo ndivyo buti zake zilivyolia. Bendi ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo kila mtu alisikia. Kitu kibichi hakilii ko. Mawaziri walisikia, kanali alisikia, jamaa wa miwani myeusi alishusha gazeti akasikia. Nyuma ya Sufiani pakingi ilibaki vilevile, bila alama hata ya kisigino.

Daktari Mbonea alikuwa ameshafungua mlango, machela tayari. Na Sufiani alipokuwa anaukaribia ndipo aliposikia sauti ya Bi Siwema kutoka nyuma ya kamba. Haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Kumbe ilikuwa imekauka, Baba Zawena?"

Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imejaa. Akaingia, mlango ukafungwa.

Nje, kijana mmoja kwenye umati aliinua mguu kuvuka kamba. Askari akainua bunduki. Mguu ule ukakaa hewani kidogo, ukafikiria familia yake, ukarudi ulikotoka.

* * *

Zawena alipasuliwa, akazinduka, na mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya kipaza sauti. Hilo ni jema, na ndilo jema pekee lililomo katika habari hii, kwa hiyo lishike vizuri.

Serikali ilitoa tamko siku hiyohiyo. Ngozi ya Hospitali Kuu ilikuwa imevamiwa na mguu usio rasmi. Wataalamu walipekua uwanja mzima kwa miwani ya kukuzia na hawakuona alama yoyote, jambo linalothibitisha kwamba mhalifu amefunzwa na maadui namna ya kukanyaga bila kuacha ushahidi. Kabla jua halijazama malori ya mapipa yalikuwa yamewasili. Ngozi mpya ikamwagwa juu ya ile ya zamani, nzito kuliko ya kwanza. Safari hii walipaka mpaka ngazi, mpaka kizingiti, mpaka kitasa cha mlango.

Polisi walikuja na pingu kumkamata Sufiani. Walifika kwenye kamba, wakasimama.

"Sufiani Mbegu! Toka ujisalimishe!"

"Nipite wapi, afande?" akauliza kutoka dirishani.

Wakashauriana. Hakukuwa na jibu la kisheria. Ikaamuliwa kwamba yuko chini ya ulinzi hapohapo alipo, na muuguzi wa zamu akaombwa amchunge.

Miezi ikapita. Redio ikaanza kubadilisha lugha. Ilisema mguu unaendelea vizuri sana, mwenye mguu ndiye hali yake si nzuri. Hakuna aliyejua kama sheria inaruhusu mguu kuja peke yake.

Kila asubuhi Mwanaheri alikuja kusimama kwenye kamba, na Zawena akamnyanyua mtoto dirishani. Bibi na mjukuu walikuwa hawajawahi kugusana. Muuguzi alimtangazia kwa kipaza sauti yasiyoonekana kwa mbali: "Bibi, amecheka! Bibi, ana jino! Bibi, anakuangalia wewe!" Mwanaheri alikuwa anaitikia kwa kichwa, mikono ameikunja kifuani kama aliyembeba mtu.

Getini aliwekwa msimamizi mpya. Waziri Mwinyigogo aliona vyema kuonyesha huruma ya serikali kwa familia ya yule mzee aliyegongwa na gari ambalo halikusimama, kwa hiyo mjane wake akapewa kazi. Picha yake ilitoka gazetini, akikabidhiwa kofia. Uji haukuwa na wateja tena, na watoto wa Bi Siwema walikuwa wanakula kama watoto wengine. Alipokea kofia, akapokea filimbi. Ilikuwa ileile, ilikutwa inaning'inia kwenye mkokoteni.

Asubuhi moja jua lilikuwa kali kiasi kwamba hewa ilicheza juu ya ile pakingi. Mwanaheri alikuwa kwenye kamba, macho juu. Mtoto, kule dirishani, kwa mara ya kwanza alinyoosha mikono miwili kumwelekea bibi yake, na akalia aliponyimwa. Sufiani hakuweza kuvumilia. Akatoa kichwa nje.

"Bi Siwema!" akaita. "Dada yangu! Hebu angalia. Imekauka?"

Bi Siwema aligeuka akamtazama. Ng'ambo ya barabara jamaa wa miwani myeusi alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, gazeti kaliweka chini. Siku hiyo hakuwa anamtazama mtu. Bi Siwema akachuchumaa taratibu, maana ni mnene na magoti yanamsumbua, akapitisha mkono chini ya kamba. Akabonyeza kidole. Akakiacha hapo, akakibonyeza tena.

Kisha akasimama, akakiinua kidole juu, kwenye jua, ili Sufiani akione vizuri. Hakukipangusa popote. Kilikuwa kisafi.

"Bado mbichi, Baba Zawena," akasema, na akapuliza filimbi.